Mtungi wa Maji katika Njia ya Kakuma

Mtu atokaye Kitale kwenda Lodwar kwa motokaa huagana na mashamba ya mahindi na ukungu wa asubuhi, akapita Kapenguria, akateremka katika mapito ya Marich, na kabla ya adhuhuri hujikuta katika nchi nyingine kabisa. Hewa huwa kama pumzi ya tanuri. Kushoto na kulia hakuna shamba. Kuna changarawe, migunga, vichuguu virefu vilivyosimama kama minara, na mito isiyo na maji. Kitale ni mji ulio juu, yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Lodwar, makao makuu ya Turkana, haifiki mita 600. Hivyo safari ya kilomita 300 hivi humtoa msafiri penye koti, ikamtia penye jua ambalo mchana aghalabu hupita digrii 35.

Kutoka Lodwar njia huendelea kaskazini-magharibi, kilomita 120 hivi, hata Kakuma, na kupita hapo mpaka Lokichoggio na nchi ya Sudan Kusini. Habari hii ni ya njia hiyo, na ya motokaa moja kuukuu, na ya mtungi mmoja wa maji ambao haukuwa mali ya mwenye motokaa.

NCHI ILIYOFUNGWA

Zama za utawala wa Waingereza, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Mgeni hakuweza kuingia bila cheti cha Serikali, na wengi katika Kenya waliijua kwa jina tu, kama watu wajuavyo mahali pa adhabu. Serikali ilipotaka kumweka mtu mbali na wenziwe, ilimpeleka huko. Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 walifungwa Lokitaung, upande wa kaskazini; na alipomaliza kifungo chake mwaka 1959, Kenyatta hakurudishwa kwao, bali aliwekwa Lodwar mpaka mwaka 1961, alipohamishiwa Maralal. Hapakuwa na haja ya kujenga ukuta mrefu. Jua, kiu na umbali vilikuwa ukuta wa kutosha.

Baada ya Uhuru njia zilifunguka polepole. Barabara ya lami ya kutoka Kitale ilifikishwa Lodwar kwa msaada wa Serikali ya Norway. Lakini mwaka 1990 Kenya na Norway zilivunja uhusiano, na kadiri miaka ilivyopita lami hiyo ilibomoka, hata madereva wengi wakaona afadhali kupita mchangani kando ya barabara kuliko juu yake. Springi zilivunjika, mipira ikapasuka, na malori yakalala njiani siku mbili tatu yakingoja spea kutoka Kitale au Eldoret. Tena palikuwa na hofu ya wanyang'anyi wenye bunduki, hata magari yakasafiri kwa msafara yakilindwa na askari. Katika miaka ya hivi karibuni Serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliijenga upya sehemu kubwa ya njia hiyo, na safari ya Lodwar hadi Kakuma iliyokuwa ikimaliza nusu ya siku au zaidi ikawa ya saa mbili.

Kakuma nayo ilikuwa kituo kidogo kando ya mto Tarach, ambao ni mto wa mchanga kwa siku nyingi za mwaka. Mwaka 1992 ulibadili mambo. Mwaka mmoja kabla yake serikali ya Mengistu ilianguka katika Ethiopia, na maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wamekimbilia huko wakafukuzwa na vita, wakatembea kwa miguu kurudi Sudan, kisha wakaingia Kenya kwa Lokichoggio. Kambi iliwekwa Kakuma kwa ajili yao. Baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine, na mwaka 2016 makazi mapya yakaanza kukaliwa Kalobeyei. Leo idadi ya wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei imezidi laki mbili. Basi mahali palipokuwa pakifichwa watu pakawa mahali pa kupokea watu, na pamoja na wakimbizi wakaja waganga, walimu, makarani na mafundi kutoka pande nyingi kufanya kazi.

KARANI NA MOTOKAA YAKE

Miongoni mwao alikuwa karani mmoja wa hesabu, Mtanzania mwenyeji wa Kilimanjaro, aliyeajiriwa na chama kimoja cha msaada. Alikuja na mkewe na binti yao wa miaka minne. Mwanzoni mambo mengi yaliwashangaza. Mama yule aliwaamkia wazee wa Kiturkana kwa shikamoo, nao wakamtazama kwa upole bila kujua la kujibu. Baadaye akajifunza kusema ejok, naye akajibiwa ejok, yakaisha. Jambo moja lilimchosha mumewe: kila alipokwenda aliombwa. Mtu asiyemjua hata jina humwambia nipe tumbako, nipe shati, nipe kofia hiyo, bila aibu yoyote, kama mtu adaiye chake. Karani alilelewa kuona kuomba ni aibu, na moyoni aliwahukumu watu wale kuwa wenye tamaa.

Alinunua motokaa kuukuu huko juu kwa bei nafuu. Fundi aliyeikagua alimwambia kuwa injini ni nzima, na kweli injini ilikuwa nzima. Lakini mipira ya kupitisha maji kati ya injini na rejeta ilikuwa ya zamani sana, imekauka na kuwa na nyufa ndogo ndogo, na hakuna aliyeinama kuitazama. Katika baridi ya Kitale mpira wa namna hiyo huweza kudumu mwaka mzima. Katika joto la Turkana hauna maisha marefu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari mwaka 2022, wakati wa ukame mkubwa, karani na jamaa yake walikwenda Lodwar kununua vitu vya nyumbani. Walipokuwa wakirudi, saa nane mchana, hawakubeba maji zaidi ya chupa tatu ndogo. Mkewe alitaka kununua zaidi, mume akamwambia, "Ya nini mizigo? Barabara sasa ni lami, na kabla ya saa kumi tutakuwa nyumbani." Maneno hayo aliyakumbuka sana baadaye.

Walipokwenda yapata kilomita hamsini, ulisikika mlio kama wa kitambaa kinachochanika, na moshi mweupe ukafunika kioo cha mbele. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Karani aliruka nje, akafunua boneti, na kwa haraka yake akashika kifuniko cha rejeta kabla haijapoa. Maji yanayochemka yalimrukia mkononi yakambabua. Alipojaribu simu, hapakuwa na mawimbi. Chupa moja ya maji ilitumika kupoza mkono, ya pili mtoto aliimaliza kabla ya nusu saa, ikabaki moja.

Magari yalipita. Lori moja lilipunguza mwendo, kisha likaongeza. Gari dogo likapita bila kutazama. Karani hakuwa na haki ya kuwalaumu, maana yeye mwenyewe alikuwa ameonywa na wakubwa wake wa kazi asisimame njiani kwa ajili ya mtu yeyote, kwa sababu ya wanyang'anyi, naye alikuwa ameshika amri hiyo barabara. Mara ngapi alikuwa amewapita watu wakipunga mikono? Siku ile, akiwa upande wa pili wa kioo, alihesabu na kuona ni mara nyingi.

WALIOKUJA KUTOKA MIGUNGANI

Wa kwanza kufika alikuwa mvulana mchunga mbuzi, mwenye umri wa miaka kumi na miwili hivi. Alisimama mbali kidogo, akamtazama mtoto aliyekuwa akilia kwenye kivuli chembamba cha gari, kisha bila kusema neno akaondoka mbio. Karani alidhani ameogopa. Baada ya muda kidogo alirudi pamoja na mzee mmoja mwenye fimbo na kigoda chake cha mti, ambacho Waturkana hukikalia mchana na kukiwekea kichwa usiku, na mama wa makamo aliyebeba kichwani mtungi wa plastiki wa manjano, wa lita 20, uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Mvulana alikuwa mwanafunzi, akijua Kiswahili cha shuleni, naye akawa mkalimani.

Msomaji asiyeijua Turkana yafaa aelewe mtungi ule ulikuwa na nini. Wakati wa ukame, maji hupatikana kwa kuchimba katika mchanga wa mto uliokauka. Shimo hushuka mpaka kimo cha mtu na zaidi. Mwanamke huingia ndani, akateka maji kidogo kidogo kwa kikombe kadiri yanavyojikusanya, akampa mwenziwe aliye juu. Kujaza mtungi mmoja kwaweza kumaliza sehemu kubwa ya asubuhi, na kwenda na kurudi ni mwendo wa saa kadhaa. Maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupika, na ya wana-mbuzi wasioweza kufika mtoni. Hayakuwa maji ya ziada.

Mama yule aliuweka mtungi chini, akampa mtoto kwanza, polepole, akimzuia asinywe kwa pupa. Kisha akampa mama wa mtoto, kisha karani. Halafu mzee akauliza jambo, na mvulana akatafsiri, "Babu anauliza, na gari nalo linakunywa?"

Karani aliona haya. Akaeleza kwamba linakunywa, tena linakunywa sana, na kwamba hata likinyweshwa litayamwaga yote mpaka mpira ufungwe. Mzee akacheka akasema, "Basi ni mnyama mbaya kuliko ngamia. Ngamia akinywa hayamwagi."

Wakakaa kungoja. Mama akamchukua mtoto kivulini mwa mgunga akamlaza juu ya ngozi. Hatimaye akatokea kijana wa pikipiki kutoka upande wa Kakuma, aliyebeba gunia la makaa. Huyo alisimama, kwa kuwa aliwaona Waturkana wenziwe wameketi pale na gari. Aliinama akautazama mpira uliopasuka, akasema kazi yake si kubwa. Gunia lake lilikuwa limefungwa kwa ukanda uliokatwa katika tyubu ya gurudumu; akakata kipande cha urefu wa mkono, akakivuta kwa nguvu, akakizungusha juu ya ufa mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, na juu yake akakaza waya. Kisha akatoa onyo ambalo kila mwenye gari afadhali alijue: kifuniko cha rejeta kisifungwe mpaka mwisho, bali kilegezwe kidogo, ili mvuke upate pa kutokea, usije ukakifumua kiraka, gari liende taratibu, na dereva asimame mara kwa mara, angoje lipoe, ndipo aongeze maji. Alisema alijifunza hayo kwa mjomba wake aliyekuwa utingo wa malori ya Lokichoggio.

Sasa yakatakiwa maji. Katika ule mtungi yalikuwa yamebaki kiasi cha lita kumi na sita, na rejeta na injini zilihitaji saba au nane. Karani hakuthubutu kuomba. Alitazama chini. Mama yule ndiye aliyeinua mtungi, akamkabidhi kijana wa pikipiki, naye akamimina. Yaliyobaki mama akayasukuma kwa mguu upande wa gari, mtungi na vyote, akasema neno. Mvulana akatafsiri, "Nyanya anasema gari litaona kiu tena njiani. Uchukue mtungi. Lakini mtungi urudi."

Karani alitoa mkoba wake, akamnyoshea noti ya shilingi elfu moja. Mama alitazama noti, akasema jambo lililowachekesha wote. "Anasema duka liko mbali," alisema mvulana. "Noti hiyo mbuzi wataila tu. Yeye anataka mtungi." Kijana wa pikipiki ndiye aliyepokea shilingi mia mbili za petroli, maana alikuwa amechelewa sokoni kwa ajili yao, naye hakuona haya kusema hivyo.

FUNDI ASIYERUHUSIWA KUTOKA

Gari lilikwenda kwa mwendo wa baiskeli. Mara tatu walisimama wakaongeza maji ya ule mtungi, na kila mara karani aliona kiasi kilichobaki kikipungua, akafikiri juu ya nyumba ambayo usiku ule ingelala bila maji hayo. Waliingia Kakuma giza likishika.

Fundi waliyemwendea alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, katika Kongo, aliyekuwa na karakana ndogo ya mabati ndani ya kambi. Hata kama wangempigia simu, asingeweza kuwafuata njiani, kwa sababu mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini kwenda mbali bila hati ya safari, na hati haipatikani siku ya Jumamosi jioni. Ilikuwa ajabu kufikiri kwamba katika nchi ambayo zamani watu walihitaji cheti cha kuingia, sasa wako watu wanaohitaji cheti cha kutoka. Fundi alifanya kazi kwa mwanga wa tochi. Alikata kipande cha mpira wa lori kinacholingana, akakikaza kwa vibano viwili, akatoza shilingi mia nane, bei ya haki.

Alipomaliza aliutazama mtungi wenye ukanda wa ngozi, akasema, "Bwana, huu si wako."

Karani akamsimulia yote. Fundi akatikisa kichwa. "Sisi wakimbizi na Waturkana tumegombana," akasema. "Tumegombana kwa ajili ya kuni, na watu wameumizwa. Nami pia nimekunywa maji yao siku nilipofika. Mambo yote mawili ni kweli. Lakini mtungi, bwana, urudishe upesi."

WIKI TATU

Karani alikusudia kuurudisha kesho yake. Lakini kesho yake mkono ulimuuma. Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya kufunga hesabu za mwezi, na iliyofuata walikuja wakubwa kutoka Nairobi. Mtungi ulikaa mlangoni pa jiko. Mkewe hakukubali mtu yeyote autumie, hata siku maji ya bomba yalipokatika; alisema, "Una wenyewe." Kila jioni karani alipoingia nyumbani aliupita, na kila jioni uliongezeka uzito ingawa haukuwa na kitu ndani.

Wiki ya tatu walikwenda. Walichukua mitungi miwili mipya, unga wa mahindi, majani ya chai, sukari na tumbako. Walipofika pale palipoharibika gari na kuingia migungani, hawakuona boma. Waliona duara la miiba, majivu yaliyopoa, na nyayo za mbuzi zilizoelekea mtoni. Wenyewe walikuwa wamehama, kama wafugaji wa Turkana wahamavyo malisho yanapokwisha.

Ilibidi wamtafute yule mvulana. Walirudi barabarani, wakauliza katika duka moja, wakaelekezwa katika shule iliyo karibu, na mwalimu mkuu alimtambua mtoto kwa habari ya gari, maana alikuwa ameisimulia darasani. Mvulana mwenyewe ndiye aliyewaongoza, mwendo wa saa mbili kwa miguu, mpaka boma jipya.

Hapo karani aliona alichokifanya. Nyumba ile ilikuwa na mtungi mmoja tu mkubwa, nao ni ule. Wiki tatu yule mama alikuwa akiteka maji kwa kidumu kidogo cha kuazima, kisichofika nusu ya mtungi wake, na kwa hiyo alikuwa akienda mtoni mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Hakuna aliyelalamika mbele ya mgeni. Mvulana ndiye aliyelitaja jambo hilo, tena kwa kuwa aliulizwa. Karani aliomba radhi, na radhi ile ikatafsiriwa. Mama aliupokea mtungi, akaugeuza chini juu kuangalia kama umetoboka, akauweka mahali pake, kisha akauliza habari za mtoto: je, alilala vizuri usiku ule?

Mzee alipokea tumbako kwa furaha. Kisha akaomba kofia ya karani. Akapewa. Akaomba na shati. Karani alihisi ule uchungu wa zamani ukimpanda, akatamani kusema kwamba sasa deni limekwisha. Mvulana akaeleza maneno ya babu: "Babu anasema ukimnyima atajua hutaki kurudi tena. Ukimpa, naye siku moja utamwomba."

Jambo hilo limeandikwa na wataalamu. Mwingereza P. H. Gulliver, aliyekaa na Waturkana mwishoni mwa miaka ya 1940 na kutoa kitabu juu ya mifugo ya jamaa zao mwaka 1955, alieleza jinsi kila mwanamume wa Kiturkana anavyojijengea marafiki wa mifugo katika sehemu mbalimbali. Humwomba mmoja mbuzi, naye huombwa na mwingine ng'ombe, na hesabu haifungwi kamwe. Katika nchi ambayo mvua yaweza kunyesha bonde hili na kuliacha lile, mtu asiyeombwa na yeyote ni mtu asiye na pa kukimbilia mifugo yake ikifa. Kwa karani wa hesabu, deni ni kitu cha kulipwa na kufutwa. Kwa mzee yule, deni ni kamba iliyofungwa kati ya watu wawili, na mwenye kuimaliza huikata.

Karani alirudi Kakuma na fulana ya ndani.

MZEE LANGONI

Mvua za mwaka ule hazikuja, na ukame ukazidi. Mwezi wa Oktoba askari wa lango alimwita karani akamwambia kwamba yuko mzee nje, amekaa juu ya kigoda tangu alfajiri, amevaa shati ambalo askari anadhani amewahi kuliona. Alikuwa ni yule mzee. Pamoja naye alikuwa mjukuu wake mdogo, msichana, amebebwa mgongoni na mamaye, ana homa kali, macho yamezama. Walikuwa wameletwa na lori mpaka Kakuma. Mzee hakueleza mengi. Alimwonyesha mtoto, kisha akaonyesha gari.

Karani aliomba ruhusa kazini, akawapeleka hospitali, akakaa nao mpaka mtoto alipopewa kitanda na kutiwa maji mwilini. Baada ya siku tano mtoto alipona, na karani akawarudisha mwenyewe mpaka mahali pale pale njiani. Mzee hakushukuru kwa maneno mengi, kama vile yule mama hakungoja kushukuriwa. Aliposhuka aligonga boneti kwa fimbo yake, akauliza kama mnyama huyu bado anamwaga maji.

MAFUNZO KWA WASAFIRI

Wako watakaosema kwamba mambo ya namna hii yalikuwa ya zamani, na kwamba barabara nzuri na simu zimeondoa haja ya msaada wa mtu baki. Sivyo. Lami hupunguza hatari lakini haiondoi, na msafiri anayeitegemea mno huacha kujitayarisha, kama karani alivyoacha.

Mwenye kwenda Turkana kwa motokaa yampasa kwanza akague mipira ya rejeta na mkanda wa feni. Aikunje mipira kwa vidole. Ikionyesha nyufa, aibadili kabla ya safari, maana bei yake ni ndogo kuliko ya kuvutwa na lori. Achukue mkanda wa akiba, kipande cha tyubu, waya, pampu na viraka, kwa sababu miiba ya mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa, hupenya mpira wa gurudumu kama msumari. Injini ikichemka, asifungue kifuniko mpaka ipoe, wala asimwage maji baridi juu ya chuma cha moto, kwani kichwa cha injini chaweza kupasuka. Akikuta mto una maji, asivuke kwa kubahatisha. Wala asipumzike katika mto mkavu hata mbingu zikiwa safi, kwa kuwa mafuriko hutoka katika mvua iliyonyesha milimani mbali. Gari likiharibika, asiliache na kutembea. Akae kivulini, mwenyeji atamwona kabla yeye hajamwona mwenyeji.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yule mama hakujua jina la aliyemfaa, wala kabila lake, wala kama angemwona tena. Alijua tu kwamba mtoto ana kiu na mtungi una maji.

Kuanzia mwaka ule karani hubeba mitungi miwili kila aendapo Lodwar. Mmoja ni wa gari na jamaa yake. Wa pili haufunguliwi, ila akimkuta mtu njiani. Naye sasa, akiona mkono umeinuliwa kando ya barabara, hupunguza mwendo, hutazama vema, na mara nyingi husimama.